Chumvi ya Somo la Kiazi

Dada mkubwa wa marehemu mke wangu aliitwa mtia sumu kwa karibu miaka miwili, na mtu aliyejua kwamba hakutia kitu nilikuwa mimi. Sikusema. Ninaandika hapa jinsi ilivyokuwa, na inanibidi nianze mbali kidogo, kwenye kiazi.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mfanyakazi wa labo, yaani maabara, katika shule moja ya sekondari hapa Bunia. Neno labo lilikuwa kubwa kuliko chumba chenyewe. Kulikuwa na meza mbili ndefu za saruji, kabati la vioo lenye kufuli, na darubini moja iliyoanza kuota ukungu ndani. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuosha chupa, kutunza ufunguo wa mlango na wa kabati, na kununua sokoni vitu vidogo alivyohitaji mwalimu wa biolojia: yai, kitunguu, kipande cha ini. Mimi mwenyewe nilisoma mpaka darasa la sita. Mambo niliyojua ya labo niliyajua kwa kusimama nyuma na ndoo wakati mwalimu anafundisha.

Kila mwaka kulikuwa na somo la kiazi. Asubuhi nilinunua viazi vya Kpandroma, kwa sababu viazi vya milimani vilikuwa vikubwa na vigumu. Mwalimu alikata kiazi nusu, akamenya ganda la chini, akachimba shimo juu mpaka kikawa kama kikombe. Alikisimamisha katika sahani ya maji, na ndani ya shimo akatia kijiko cha chumvi kavu kutoka katika chupa ya kabatini. Wanafunzi wakaenda somo lingine. Waliporudi baada ya saa mbili, shimo la kiazi lilikuwa limejaa maji.

Mara ya kwanza nilikasirika. Niliona wazi kwamba mtu ameingia akamimina maji, na kwamba siku moja nitaulizwa mimi mwenye ufunguo. Kwanza nilimshuku mwanafunzi mmoja aliyependa mizaha. Baadaye nilimshuku mwalimu, maana naye alikuwa na ufunguo wake. Mwaka uliofuata nikamtegea. Nilichora mstari wa makaa kwenye sahani, pale maji yalipofika. Nikafunga mlango, nikaweka kigoda mbele yake, nikakaa hapo saa mbili nzima bila kwenda hata msalani. Hakupita mtu. Nilipofungua, shimo la kiazi lilikuwa limejaa, na maji ya sahani yalikuwa yameshuka chini ya mstari wangu.

Mwalimu alinikuta nimepiga magoti ninatazama. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Papa," aliniambia, "weye ulikuwa unachunga mulango ya mbao. Maji ilipita kwa mulango ingine."

Kisha akanieleza kwa upole, kama vile ningekuwa mwanafunzi wake. Kiazi, alisema, kimejengwa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo seli, na kila chumba kimezungukwa na utando mwembamba. Utando huo huacha maji yapite, lakini chumvi huizuia. Basi pale chumvi ilipo nyingi, maji huenda huko, yanatoka chumba hata chumba mpaka yanaifikia. Hakuna anayeyasukuma. Alinionyesha pia kiazi kingine, ambacho alikipika kabla ya kukichimba. Hicho hakikujaa. Chumvi yake ilikuwa imeyeyuka na kuvujia sahanini. Alisema kile kimekufa, na utando wa kitu kilichokufa hauchagui tena cha kupitisha na cha kuzuia.

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu. Alisema angalau sasa najua viazi vya kwao vina akili kuliko mimi.

Yeye alikuwa mtu wa Kpandroma. Sisi tulitoka upande wa Butembo, watu wa duka na wa kanisa, na mama yangu hakufurahia ndoa ile. Hakugombana na mtu. Ila kila tulipokwenda kuwasalimu wakwe zangu, akiletewa kahawa alisema amekwisha kunywa njiani. Miaka minane ya ndoa yetu sikumwona akimeza kitu katika nyumba ile. Nilizoea. Mtoto akikua karibu na mtu anayenusa kila kikombe, naye hujifunza kunusa bila kufundishwa.

Mke wangu alianza kuvimba wakati wa mvua. Asubuhi macho yake yalikuwa yamefura, tukasema ni moshi wa kuni mbichi. Baadaye viatu vikakataa kuingia. Nilibonyeza kidole juu ya mguu wake, na shimo la kidole likabaki pale kama katika unga uliokandwa. Tukampeleka hospitali, akalazwa.

Hospitali ya kwetu mgonjwa hupikiwa na watu wake. Dada yake mkubwa akashuka kutoka Kpandroma, akaacha shamba lake la viazi wakati wa palizi, akaja kumtunza. Alikuwa mwanamke mrefu, mjane, asiye na maneno mengi. Usiku alilala juu ya mkeka chini ya kitanda cha mgonjwa, na mchana alipika uani pamoja na walinzi wengine wa wagonjwa, kila mmoja na mafiga yake. Binti yetu, ambaye alikuwa na miaka minne, alikaa kwa mama yangu.

Siku ya kwanza mganga, yaani daktari wa hospitali, alipotoa maagizo, mimi nilikuwa kazini. Jioni shemeji yangu ndiye aliyenieleza: vidonge vya kukojoza asubuhi na mchana, na chakula bila chumvi. Hata punje, alisema. Maharagwe bila chumvi, sombe ya majani ya muhogo bila chumvi, bugali kama kawaida.

Nilimpelekea mama habari hizo. Aliacha kuchambua mchele.

"Munganga gani mwenye anakatazaka chumvi?" akauliza. "Ulimusikia weye mwenyewe?"

Nikasema sikumsikia. Akarudi kwenye mchele wake.

Kesho yake alikwenda hospitali, akaketi uani kama mtu anayeota jua, akatazama. Aliyoyaona alinisimulia moja baada ya jingine. Shemeji alikuwa na vyungu viwili. Kikubwa kilikuwa chake na wageni, na hicho alikitia chumvi. Kidogo, cheusi, kilikuwa cha mgonjwa. Alikifunika kwa jani la mgomba, akakaa karibu nacho, na mwanamke wa jirani alipotaka kumsaidia kukoroga, alimshika mkono.

"Mutu mwenye iko anachunga chungu kidogo vile," mama alisema, "iko anachunga nini?"

Miezi ile chumvi ilikuwa imeadimika sokoni. Iliuzwa kwa kijiko, na wauzaji waliifunga katika vipande vya gazeti kama dawa. Kwanza watu wa nyumbani walisema shemeji anaibana ili aipeleke kwao. Baadaye mama akasema hapana, chumvi huharibu dawa ya watu wabaya, ndiyo sababu haitaki katika chungu kile. Alikoyatoa maneno hayo sijui. Lakini alipoyasema, yaliingia ndani yangu bila kupata kizuizi.

Ingekuwa rahisi kumwuliza mganga. Mlango wake ulikuwa ule wa tatu upande wa kushoto, nami nilipita mbele yake kila mchana nilipokwenda kumwona mke wangu. Mara nyingine ulikuwa wazi, na yeye yuko ndani anaandika. Sikuingia. Nimejiuliza miaka mingi kwa nini, na jibu ninalolipata kila mara ni lile lile. Niliogopa atasema shemeji yangu anasema kweli, na mimi nilikuwa nimekwisha kuchagua.

Majuma mawili ya kwanza uvimbe ulipungua. Siku moja mke wangu alitoa mguu nje ya shuka akanionyesha mfupa wa kifundo, alivyofurahi ungedhani umerudishwa kutoka safari. Mama alisema ni maombi ya kikundi chetu cha kanisa. Nilikubali. Sikutaka iwe kazi ya chungu kile cheusi.

Lakini chakula kilimshinda. Mchana mmoja shemeji alipokuwa amekwenda kufua, mke wangu alinishika shati.

"Papa, niko nakula kama mufu," alisema. "Uniletee chumvi. Kidogo tu. Hata mbuzi wanapatiaka chumvi."

Alisema kwa mzaha, lakini macho yake hayakucheka. Nami nilikuwa tayari. Nilijiambia kwamba nikimpa chumvi ninamfurahisha, na kama katika chungu kile kuna kitu, basi ninakiharibu. Mambo mawili mema kwa mkupuo mmoja.

Nyumbani mama alikuwa anaihesabu kijiko kwa kijiko. Sokoni haikuwapo. Nilijua ilipo. Katika kabati la labo, rafu ya juu, kulikuwa na chupa ya chumvi nyeupe laini, ile ya somo la kiazi, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Niliionja kwanza kwa ncha ya ulimi, maana katika kabati lile kulikuwa na vyeupe vingi. Ilikuwa chumvi. Nikamimina kiasi katika karatasi ya mtihani wa zamani, nikaikunja, nikaitia katika mfuko wa shati.

Alilamba kutoka katika kiganja changu. Alifumba macho akakaa hivyo kwa muda.

"Sasa niko mutu," akasema.

Nilimpelekea siku tisa. Mwanzoni ilikuwa ile inayoshikwa kwa vidole vitatu. Baadaye nilinyunyizia maharagwe, nikakoroga, na alikula bakuli zima, mpaka shemeji akamsifu kwamba hamu imerudi. Siku ya nne kifundo cha mguu kilipotea tena. Siku ya sita uso ulifura, na alianza kulala ameegemea mito kwa sababu akilala chali alikosa pumzi. Mganga aliongeza vidonge. Shemeji alibadilisha mahali pa kuteka maji, akaosha chungu kwa majivu, akaanza kuchambua maharagwe moja moja. Alikuwa anatafuta kosa mahali alipoweza kulitafuta.

Nami nilikuwa nikimtazama akiosha chungu, nikajiambia: anafuta alama.

Siku ya tisa sabuni ilimwishia mtoni, akarudi kabla ya wakati wake. Nilimsikia mlangoni, nikapangusa kiganja kwenye suruali. Alisimama pale na nguo zilizolowa begani, maji yakimtiririka mgongoni. Alimtazama mdogo wake, kisha akautazama mkono wangu.

"Shemeji, uko unamupatia nini?"

"Simupatie kitu."

"Maji imerudi. Katika chungu mimi sijageuza kitu."

"Mwenye kupika ni weye," nikamwambia. "Ujiulize weye."

Mke wangu alikuwa amegeukia ukuta. Shemeji alisogea, akakaa kitandani, akamfuta mdomo kwa ncha ya kitenge chake, taratibu, jinsi mtoto anavyofutwa. Kisha akatoka kwenda kuanika nguo. Tangu saa ile hakumwacha peke yake tena na mimi, na karatasi ilibaki mfukoni mwangu. Mke wangu alifariki siku nne baadaye, asubuhi, mvua ikinyesha.

Wanawake wa kwetu ndio waliomwosha. Mama alisimama mlangoni akamzuia shemeji asiingie. Walikaa ndani muda mrefu. Ngozi ya miguu yake ilikuwa imenyooka mpaka ikawa inapitisha maji yenyewe, kama jasho, na kila walipomfunika kitambaa, kililowa. Walibadilisha mara tatu. Mwishowe mama akatoka, akatuonyesha mikono yake iliyolowa hadi kwenye viwiko.

"Mutazame," alisema. "Mwili ya mutu haitokake maji vile. Huyu alipewa kitu."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Siwezi kusema kwamba wakati ule nilielewa yote. Ilikuwa kama mtu anayesikia jina lake linaitwa kutoka mbali, anageuka, haoni mtu, anaendelea na safari. Lakini niligeuka. Hilo ninalikumbuka. Nilifikiri juu ya sahani na mstari wa makaa, nikaacha kufikiri.

Siku ya pili ya matanga familia mbili ziliketi chini ya turubai katika kiwanja chetu. Baba yangu mdogo ndiye aliyeongea kwa upande wetu. Alieleza vyungu viwili, jani la mgomba, mkono uliozuiwa. Upande wa Kpandroma walikuja watatu tu, na barabara ilikuwa imewachosha. Shemeji alipopewa nafasi alisema maneno machache.

"Nilipika vile munganga alisema."

Baba mdogo akanigeukia. Aliniuliza mbele ya wote kama mimi, mume, nilimsikia mganga akisema hivyo.

"Mimi sikumusikia," nikajibu.

Ilikuwa kweli. Sikumsikia, kwa sababu sikumwuliza. Nimesema uongo mara kadhaa maishani mwangu, lakini hakuna uongo ulioharibu mambo kama ukweli ule.

Walimwondoa kabla matanga hayajaisha. Aliondoka na mkeka wake. Chungu kidogo kilibaki, hakuna aliyetaka kukigusa, na mama alikisukuma kwa fimbo mpaka shimo la choo. Ikaamuliwa kwamba binti yetu hatakwenda Kpandroma, wala hatakula kitu kitokacho huko. Nyumbani tukaacha kununua viazi vya milimani. Mimi niliendelea kuvinunua kwa ajili ya shule, na mama hakujua.

Mwaka uliofuata likafika somo la kiazi. Mwalimu alifungua kabati, akaiinua chupa ya chumvi kwenye mwanga wa dirisha, akaona imeshuka zaidi ya nusu. Chumvi ilikuwa bado haba mjini. Aliwashuku wanafunzi wa bweni, na hakuna aliyekiri. Darasa zima likakata majani ya kiwanja siku tatu, na mimi ndiye niliyewagawia mapanga. Mwanafunzi mmoja aliniambia, huku akipokea lake, kwamba aliyeiba chumvi ile Mungu amkaushe ulimi. Wenzake wakacheka. Nikampa panga.

Siku ya nne somo likafanyika. Nilisimama nyuma na ndoo yangu. Wanafunzi waliinama juu ya viazi, mashimo yalikuwa yamejaa, na mwalimu akarudia maneno aliyoyasema kila mwaka, kwamba hakuna anayeyasukuma maji, yanakwenda yenyewe pale chumvi ilipo nyingi. Nilikuwa nimeyasikia labda mara sita. Siku ile niliona miguu. Nikaweka ndoo chini nikatoka, nikaenda hospitali kwa miguu, nikapiga hodi kwenye mlango wa tatu upande wa kushoto.

Mganga alinikumbuka. Aliniambia kwamba siku ya kwanza alichukua mkojo wa mke wangu, akauchemsha katika bomba la kioo juu ya moto, na ukawa mweupe ukaganda, kama ute wa yai. Kwa alama hiyo alijua figo zimeharibika. Figo, alisema, ni vichungio, zina tando zake zinazochagua. Za mke wangu ziliacha kuchagua vizuri. Zilipitisha kile ambacho damu inakihitaji, na ile chumvi ambayo zingeitoa zikairudisha mwilini. Chumvi ikibaki, maji hubaki nayo. Yanajaa katika nyama, mwishowe katika mapafu. Ndiyo sababu alikataza hata punje, na alifurahi kumpata mlinzi anayesikia.

Nikamwuliza kama angepona.

"Siwezi kukudanganya," alisema. "Figo ilikuwa imeharibika sana. Pengine angepata mwaka, pengine ingine. Pengine hapana."

"Na kama mutu alimupa chumvi?"

Alinitazama.

"Ingemuharakisha. Nani alimupa?"

"Ni mimi."

Akasukuma kiti kwa mguu ili niketi. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Mtu angedhani nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kumtafuta shemeji yangu. Sikwenda. Nilinyamaza miezi mingine saba. Nilijiambia mama ni mgonjwa wa presha, barabara ya milimani imekatika, wakati haujafika. Kila sababu ilikuwa na ukweli kidogo ndani yake, na nilikwisha kujifunza kuutumia ukweli wa namna hiyo.

Aliyenitoa kimya ni binti yangu. Shemeji alituma gunia dogo la viazi kwa ajili yake, kupitia dereva wa lori. Mama alivimwaga nyuma ya nyumba akavimiminia mafuta ya taa ili hata majirani wasiviokote. Mtoto alisimama anatazama. Jioni alinijia nikiwa ninashona kiatu, akaniuliza kama mama mukubwa wa Kpandroma, yule aliyemuua mama, anajua nyumba yetu iko wapi. Aliuliza kwa sauti ndogo, akitazama mlango. Alikuwa na miaka sita na tayari alikuwa ananusa.

Kesho yake nilimwambia mwalimu habari ya chupa. Akaenda darasani akawaeleza wanafunzi kwamba aliwakosea. Hakunitaja. Aliniachia kazi yangu, lakini ufunguo aliuchukua, na alikuwa na haki.

Jumapili nilimwita baba mdogo nyumbani. Nikaeleza mbele yake na mbele ya mama: labo, karatasi, siku tisa, maneno ya mganga. Nilieleza hata kiazi. Baba mdogo aliinamisha kichwa, na mwishowe akasema wao ndio waliomfukuza mwanamke yule na itabidi nguo irudishwe ilikotolewa, yaani heshima tuliyomvua apelekewe mwenyewe. Mama hakuinama. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja.

"Nani alikupa kunywa nini, mutoto yangu?"

Hakuamini. Mpaka leo sijui kama aliwahi kuamini. Nilichokiona ni kwamba tangu siku ile, nikiingia jikoni, alikuwa akinitazama mikono.

Nilipanda Kpandroma kwa lori pamoja na binti yangu na baba mdogo. Huko juu kulikuwa na baridi, na ukungu ulikuwa bado haujaondoka mashambani. Shemeji alikuwa anachimba viazi. Alituona tangu mbali, akaendelea kuchimba mpaka mwisho wa mstari, kisha akapangusa jembe akaja. Nilimwomba awaite ndugu zake. Walipofika nikasema nikiwa nimesimama. Sikuweka maneno mazuri. Nilisema nilimpa chumvi, nikaificha, na chini ya turubai la matanga niliacha aitwe mtia sumu.

Ndugu zake walianza kunung'unika. Yeye aliwanyamazisha kwa mkono.

"Nilijua," alisema. "Ile siku nilimufuta mudomo, kitenge yangu ilikuwa na chumvi. Nilionja."

Nikamwuliza kwa nini hakusema pale kwenye matanga.

"Ningesema mimi, nani angeamini? Wangesema mupishi anatafuta mwenye kubeba kosa yake." Akamtazama binti yangu, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya baba mdogo. "Nilikuwa nangojea useme weye. Ulikawia."

Hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza. Aliingia jikoni. Alitoka na sinia ya viazi vilivyopikwa na maharagwe, akaiweka mbele yetu juu ya benchi, na kando yake bakuli la maji ya kunawa. Baba mdogo akanawa. Mimi nikanawa.

Nitaandika kilichotokea kama kilivyotokea. Nilinyoosha mkono, na mkono ukasita. Haikuzidi kuvuta pumzi moja. Nilikuwa nimesafiri njia ile yote kukiri kwamba mwanamke huyu hakutia kitu, kwa mdomo wangu mwenyewe, na bado mkono wangu ulisimama juu ya chakula chake ukangoja.

Aliona. Hakukasirika. Alikuja upande wangu, akachukua kiazi kile kile kilichokuwa mbele ya vidole vyangu, akakiuma, akatafuna taratibu akinitazama, akameza. Nusu iliyobaki akampa binti yangu. Mtoto alinitazama kwanza.

"Kula," nikamwambia.

Akala. Nami nikala baada yake. Vilikuwa na chumvi ya kutosha.